Mahali Mikanda Haifiki

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bibi naye mguu umempa nafasi ya kulala. Huku tunaendelea. Kikohozi kimemwacha mama, ila amepata ugonjwa mwingine wa kuhamisha makochi. Kila nikirudi kazini nakuta sebule imegeuzwa, nagonga goti. Anakusalimu na anasema wifi yake amemsusa.

Umenikataza simu, nami natii. Ni kweli, kwenye simu nakuambia "niko poa" halafu nakata, unabaki unasonya peke yako. Basi haya hapa maandishi.

Nimeshushwa, Shangazi. Sijafukuzwa, nimeshushwa. Kampuni ilileta mizani pale yadi, tukapimwa mmoja mmoja tukiwa na kamba na spana zetu, kama magunia. Mikanda tunayovaa kupanda minara ya simu imeandikwa mwisho wake: kilo mia na ishirini, mtu pamoja na vifaa vyake. Mimi nilizidi. Sikuzidi sana, lakini mizani haijui "sana" wala "kidogo". Tangu siku hiyo niko stoo nagawa nati. Mjusi, mwenzangu wa miaka yote, sasa anapanda na mtu mwingine. Akipita dirishani anabisha na kuuliza, "Bonge, leo una nati za saizi gani, mpenzi?" Watu wanacheka, nami nacheka nao. Ningefanyaje?

Kwa hiyo nimeanza zile sindano za kupunguza mwili. Unajichoma mwenyewe mara moja kwa wiki, kifaa chenyewe kama kalamu. Nimeandikiwa na daktari, si mambo ya vichochoroni. Hamu ya kula imekufa. Nakaa mezani natazama sahani kama mtu anayetazama televisheni iliyozimwa, na mwili umeanza kushuka. Kuna kitu kidogo tu: ninapochoma panavimba, panakuwa pa moto, panawasha kwa siku mbili tatu kisha panatulia. Daktari anasema ngozi za watu wengi hufanya hivyo mwanzoni.

Usimwambie bibi. Atakutuma uniletee chakula.

Mwanao


21 Februari

Baba yangu,

Marahaba. Bibi yako analala mchana, usiku anailinda nyumba. Mwambie mama yako sijamsusa, nasubiri amalize kupanga makochi nijue nitakaa wapi. Mimi ni mzima. Kiwandani tumemaliza vita vya glavu. Walikuwa wanatupa glavu za saizi moja. Wenye mikono midogo sabuni inawaingia na kuwachubua, wenye mikono mikubwa zinawapasukia. Nilisimama mkutanoni nikawaambia wakubwa: leteni saizi tatu, au shukeni mje mkoroge sabuni wenyewe. Wamenuna, lakini glavu zimekuja.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekasirikia mahali pamoja. Unaandika "nilizidi". Ulizidi nini? Mkanda ni kitambaa na chuma. Kuna kiwanda kilichoushona, na kuna ofisa wa manunuzi aliyechagua ule wa bei ya chini. Usiniambie duniani hakuna mkanda wa kumbeba mtu wa kilo mia na thelathini. Wanaonyanyua ng'ombe kuwapakia melini wanatumia nini, uzi wa kushonea? Upo. Wameona ni rahisi zaidi ubadilike wewe. Na wewe, mtoto wa kaka yangu, badala ya kuuliza mkanda uko wapi, umekwenda kuuliza sindano iko wapi.

Sikukatazi dawa. Nina rafiki anaitumia kwa sukari, imemfaa, na daktari wako simjui hata nimtukane. Ninachokataa ni wewe kujichoma tumboni kwa sababu ya kosa la manunuzi.

Hiyo ngozi itazame. Panapovimba leo usipachome tena wiki ijayo. Na ukienda kwa daktari mweleze yote, usimpe ile "niko poa" yako.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anacheka kila akikumbuka ng'ombe wa meli. Paa la jikoni limeanza kuvuja tena, nimeweka ndoo mpaka nipate nafasi ya kulipanda. Hukuniandikia habari za mguu wa bibi. Bado anavaa zile soksi zake nene?

Nina habari njema: nimerudi juu! Wiki mbili sasa. Mizani ilinipitisha, Mjusi akanibeba mgongoni yadi nzima ili kuwaonyesha watu, tukaanguka wote wawili. Siku ya kwanza nilipofika kwenye antena nilishika bomba nikasikiliza. Huko juu hakuna harufu ya stoo, kuna upepo na mlio wa vyuma. Watu chini ni vichwa tu, wote wamelingana, mnene na mwembamba. Usicheke. Chini mimi ni Bonge, juu mimi ni fundi. Sijui nikuelezeje zaidi ya hapo.

Kuhusu ngozi, nilimweleza daktari kama ulivyosema. Akasema dawa nisiichome ikiwa ya baridi kutoka kwenye friji, niitoe kwanza ipungue ubaridi. Spiriti ikauke kabla ya kuchoma. Nisisugue. Panapowasha niweke kitambaa cha maji baridi. Na kila wiki nibadilishe mahali: tumbo upande huu, upande ule, paja hili, lile, na nikae mbali na kitovu.

Hapo pa kubadilisha ndipo pagumu. Mkanda wetu hauzunguki kiuno peke yake. Unapita kiunoni, unateremka, unazunguka mapaja yote mawili, na ukining'inia uzito wote unakaa humo. Nilichoma pajani mara moja, kesho yake nikashinda juu mkanda ukisaga palepale. Jioni nilipovua suruali ngozi ilikuwa imechubuka na chini yake pamekuwa pagumu. Nikajipima mwili mzima kwa kiganja. Mahali mikanda haifiki ni pamoja tu, kushoto kwa kitovu, pakubwa kama kiganja changu. Basi nachoma hapo. Pamekuwa na vinundu kama maharage chini ya ngozi, lakini haviumi, vinawasha tu. Nina dawa ya muwasho, usiwe na wasiwasi.

Mwanao


12 Aprili

Baba,

Marahaba. Bibi yupo. Soksi bado anazo.

Nimefurahi umerudi juu kwa sababu wewe umefurahi. Nimemaliza kufurahi, sasa nisikilize.

Daktari alikuambia ubadilishe mahali. Wewe ukasikia, ukaitikia, ukarudi nyumbani, ukapima kwa kiganja kama fundi seremala, ukachagua mahali pamoja. Je, ulirudi ukamwambia unavaa mikanda mapajani? Hukumwambia. Ungemwambia ungeniandikia alivyojibu, maana wewe huachi kuandika majibu ya watu. Daktari anamtibu mtu anayekaa ofisini, kwa sababu ndiye uliyempelekea.

Na hiyo dawa ya muwasho ni ipi? Nauliza kwa sababu mama yako amenipigia. Wala usimgombeze, yeye sijamkataza simu. Anasema Jumapili ulilala mezani ukiwa na kijiko mkononi. Alidhani ni uchovu. Anasema shati huvui tena mbele ya watu, hata joto likizidi. Mimi nimefanya kazi na wanawake mia mbili wenye mikono inayowasha kwa sabuni, najua vidonge vinavyogawiwa pale zahanati ya kiwanda, na najua mabango yaliyobandikwa ukutani: ukivimeza usiendeshe mashine. Wewe mashine yako ni mnara.

Usinijibu kwa mzaha. Niambie unameza nini, na unameza saa ngapi. Nina sababu ya kuogopa ngozi inayofichwa, nami sitaitaja leo.

Shangazi


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Paa bado linavuja.

Samahani kwa kuchelewa, kazi zilibana. Umeuliza, nakujibu. Nameza vidonge vya aleji, vile vya manjano vya bei rahisi. Kimoja alfajiri kabla ya kwenda kazini, na kingine mchana siku ikiwa mbaya. Kuna vingine havileti usingizi, nimeambiwa, lakini dukani kwetu havipo. Vya manjano vimenizoea.

Kwa kuwa utaambiwa na mama hata nikinyamaza: muwasho haukai tena kwenye kile kiganja cha tumboni. Wiki tatu zilizopita ulipanda kifuani na shingoni, mabaka makubwa yanayohama, asubuhi yako hapa, adhuhuri yako kule. Na Jumatatu moja mdomo wa juu ulivimba. Mjusi aliniuliza ni nani kanibusu kwa ngumi. Nilimwambia ni nyuki. Ulipungua kabla ya jioni, na nilikuwa napumua vizuri.

Najua utakachosema. Nami nakuomba kitu kimoja, sijawahi kukuomba lingine: usiniandikie kama mkutano wa glavu. Nimebakiza kilo chache kuwa salama kabisa, hata nikivaa jaketi la mvua. Nikiacha sasa mwili unarudi, narudi stoo, na safari hii hakuna atakayenibeba mgongoni. Nisubiri kidogo tu. Na usifanye lolote, Shangazi. Wewe ukifanya jambo hulifanya kwa sauti.

Mwanao


18 Mei

Baba,

Salamu utazipata mwisho.

Mdomo ukivimba baada ya sindano mtu haendi kazini, anakwenda hospitali. Leo umevimba mdomo, kesho unavimba koo, na kesho huwa haitoi taarifa. Utashukaje mnara koo likiwa limefunga? Mjusi atakushushaje, kwa utani?

Acha sindano mpaka daktari akuone ukiwa umevua shati. Mwambie vinundu, mwambie mabaka, mdomo na mikanda. Zipo dawa nyingine za kupunguza mwili, huenda akakubadilishia, huenda asikupe kabisa. Vyovyote vile utakuwa hai na utaweza kunichukia vizuri. Na siku uliyomeza kidonge cha manjano usipande hata kiti.

Unaniomba nisubiri. Mimi si mtu wa kusubiri, unajua, na safari hii nina sababu. Nakupa mwezi huu uishe. Nisipopata barua inayosema umemwona daktari, nitawaandikia wakubwa wako. Nitawadai mikanda ya saizi zote, na nitawaambia kwa nini naidai. Sitakuficha.

Bibi anakusalimu.

Shangazi


12 Juni

Baba,

Hujambo? Huku tupo. Mwezi ulikwisha na mwingine umeanza, mama yako anasema unatoka alfajiri na kurudi jioni kama kawaida, na kwamba kalamu za sindano bado ziko kwenye friji nyuma ya maziwa.

Nimewaandikia. Kurasa nne. Tatu ni za mikanda: kwamba mfanyakazi anapewa kifaa kinachomfaa, hapewi amri ya kukifaa kifaa. Kwamba wamewapima watu kama magunia halafu wakaacha kila mtu ajitafutie dawa yake gizani. Kwamba wakinunua mikanda mipana hakuna mtu atakayejitoboa ili apande kazini. Ukurasa wa nne nimeeleza yaliyokupata, mdomo na vidonge, bila kukutaja jina, kwa cheo tu: fundi mpandaji.

Ungekuwa wewe ndiye mimi ungeandika pia. Ungeandika kwa upole zaidi, huenda.

Shangazi


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Wapandaji tuko tisa. Mwenye shangazi anayeandika kurasa nne ni mmoja. Cheo changu kilitosha.

Msimamizi aliileta barua yako kwenye mkusanyiko wa asubuhi, pale yadi, kabla hatujavaa mikanda. Alisoma ukurasa mmoja. Wa nne. Zile tatu alizikunja akazitia mfukoni, akasema zinahusu mambo ya ofisi. Watu walicheka alipofika kwenye mdomo, kisha wakaacha kucheka, na huko kuacha ndiko kulikoniuma. Akaniambia nivue shati. Nilivua. Mjusi alitazama pembeni.

Kisha akauliza ni nani mwingine anayejichoma. Hakungoja jibu, akasema wote wafungue vifungo. Akapatikana mmoja zaidi, baba wa watoto watano, mtu mpole, hata mimi sikujua. Yeye alifuata maelekezo yote, ngozi yake safi kama ya mtoto, hamezi kidonge chochote. Ameshushwa naye. Tangazo limebandikwa mlangoni: anayetumia sindano hizo hapandi. Aliyezidi kilo naye hapandi. Mikanda ni ileile. Ulidai vitu viwili, wamechukua kile kisichowagharimu.

Sasa nikuambie nilichokuwa sitaki kukuambia. Siku mbili kabla ya barua yako kusomwa, nililala juu. Sikusinzia, nililala. Nashukuru nilikuwa nimekwisha kufunga ndoano ya pili, ile ya usalama, nikaegemea mkanda nikisubiri Mjusi aniletee waya, na nilichokumbuka baada ya hapo ni kiganja chake kikinipiga usoni. Helmeti yangu ilikuwa chini, imepasuka. Mjusi alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia yule. Akasema, "Bonge, nilikuita mpaka sauti ikaniisha." Tulikubaliana tusiseme. Kesho yake nilimeza kidonge nikapanda tena.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi. Nimeliandika, lisome mara nyingi upendavyo. Ulikuwa sahihi, na sijui nitakusamehe lini.

Nimeacha sindano. Nimekwenda kwa daktari, nikavua, nikasema yote. Alisikitika. Akasema ningemweleza mikanda siku ile angenipangia kuchoma mkononi kwa nyuma, mama angenisaidia, na mabaka yalipoanza angenibadilishia dawa. Ilikuwa inawezekana, Shangazi. Si kwa mkutano, ni kwa maneno machache tu ndani ya chumba kile. Sasa hata akinipa nyingine, tangazo liko mlangoni.

Niko stoo. Nawafungulia wenzangu kabati la mikanda asubuhi, nawafungia jioni.

Mwanao


24 Julai

Mwanangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikitafuta pa kuanzia ugomvi, sikupata. Ofisi yenu imenijibu mstari mmoja, kwamba suala la mikanda litaangaliwa katika bajeti. Nilitaka kuwajibu kwa moto. Nimewaza habari za yule baba wa watoto watano, kalamu ikalala. Simjui, na nimemshusha. Kwenye glavu nilijua watu wote kwa majina, niliwauliza kila mmoja kabla ya kusimama. Kwenu sikumuuliza mtu. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hofu.

Hofu yenyewe ni hii. Bibi yako alikuwa na kidonda ndani ya soksi. Sukari ilimla mguu, yeye akafunga kitambaa, akavaa soksi juu yake, akasema yuko salama kwa sababu hakiumi. Niliishi naye nyumba moja nisijue. Walimkata mguu mwezi wa Aprili, chini ya goti. Nilikuandikia "bibi yupo" siku nne baadaye. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa juu ya mnara, nikaogopa utapanda na habari hiyo kichwani. Nikakudai ukweli wako huku nimekalia wangu.

Siku zingerudi nyuma, ningewaandikia tena wakubwa wako. Nakuambia kwa sababu hutaki kusikia uongo, nami siwezi kuusema. Lakini ningeandika ukurasa mmoja tu, unaokuhusu wewe, na ningekuonyesha kwanza.

Niandikie. Hata kama ni kunitukana.

Shangazi yako


2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo. Paa la jikoni nimemwita mtu akalitengeneza, mimi sikupanda. Vinundu vimelainika isipokuwa viwili. Mwili umeanza kurudi, naona kwenye suruali. Mjusi amehamishiwa tawi jingine, hakuniaga. Mpe bibi pole, mwambie nimesikia habari za mguu wake na nimelia.

Za huku ni hizo.

Mwanao